Hesabu za Watu, za Fedha na za Afya: Tuzifanye kwa Mikono Yetu

Hotuba ya kamati ya elimu kwa wazazi na wanafunzi, Guangzhou, katika maadhimisho ya Uhuru



Kamati ya elimu imepewa nafasi ya kuzungumza kabla ya chakula. Tunajua pilau inanukia, kwa hiyo hatutawachosha.

Kila Tisa Desemba inapofika tunakumbushana mwaka 1961. Leo tunaomba tukumbuke jambo moja la mwaka huo ambalo halitajwi sana. Tanganyika ilipopata uhuru, chuo chake kikuu kilikuwa na umri wa wiki chache tu. Kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU, kikiwa na kitivo kimoja, cha sheria. Nchi ilikuwa na bendera yake na wimbo wake, lakini ilikuwa bado haina chuo kikuu cha kusomesha daktari wala mhasibu wake nyumbani. Na Mwalimu Nyerere alipowataja maadui wa taifa aliwataja watatu: ujinga, maradhi na umaskini.

Leo watoto wetu wanasoma katika vyuo vya mji huu, Jinan, Sun Yat-sen na vingine, na wengi wako kule kwenye kisiwa cha vyuo cha Xiaoguwei, Panyu. Masomo matatu wanayotuletea mara kwa mara wakiomba msaada ni takwimu, uhasibu na mipango ya huduma za afya. Mkiyatazama vizuri, mtaona kwamba ndiyo masomo ya kupigana na maadui wale wale.

Tumekaa na vijana hawa mwaka mzima, na tumegundua kwamba anayekwama kwa kukosa akili ni nadra sana. Wengi hukwama kwa sababu swali limeandikwa kwa mifano wasiyoijua, kuhusu kiwanda cha nchi nyingine au hospitali ya mji wasioufahamu. Kijana anashika kanuni bila kushika maana. Akikwama, anaona haya kusema nyumbani, kwa sababu anajua ada yake imetoka kwa mama anayesimama dukani Xiaobei tangu asubuhi au kwa baba anayefunga mizigo Sanyuanli hadi usiku. Ananyamaza, na katika ukimya huo ndipo anapoanza kutafuta mtu wa kumfanyia asaimenti kwa malipo.

Ushauri wetu wa leo ni mmoja, na mifano yote tutakayotoa ni ya kuuonyesha: chukua swali ulete nyumbani. Libadilishe liwe swali la duka letu, la kijiji chetu, la nchi yetu. Lifanye kwa kalamu yako mwenyewe, kisha mweleze mzazi wako kwa Kiswahili. Ukiweza kumweleza akaelewa, umelielewa. Ukishindwa, rudi mezani.

Takwimu

Tuanze na namba ambayo kila Mtanzania anapaswa kuijua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Swali: idadi ya watu imeongezeka kwa asilimia ngapi kila mwaka?

Wanafunzi wengi hufanya hivi. Wanatoa, wanapata ongezeko la watu milioni 16.8. Wanagawa kwa milioni 44.9, wanapata asilimia 37.4. Wanagawa kwa miaka 10, wanaandika asilimia 3.7. Hesabu za kutoa na kugawa zote ni sawa, lakini jibu si sahihi. Jibu ni takriban asilimia 3.2, na ndilo lililotolewa na Serikali.

Kwa nini? Kwa sababu waliozaliwa mwaka wa kwanza nao wanahesabiwa katika msingi wa mwaka wa pili, na wa tatu, na kuendelea. Ni kama mbuzi wa kufuga: mwanambuzi jike wa mwaka huu si nyongeza tu, ni mzazi wa kesho. Ongezeko linazaa ongezeko. Kwa hiyo hatugawi kwa 10, tunatafuta namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara kumi inakupa 1.374. Namba hiyo ni 1.032 na kidogo. Kijana aliyeelewa mbuzi hasahau kanuni hata siku ya mtihani.

Mfano wa pili ni ile thamani ya p inayowakosesha usingizi. Chukua sarafu ya shilingi. Rafiki yako anairusha mara 10, na mara zote 10 inaonyesha kichwa. Je, sarafu ina hila? Tunaanza kwa kudhani haina. Kama haina, kichwa mara 10 mfululizo ni jambo linalotokea mara 1 katika 1,024. Ni nadra mno, kwa hiyo tunaanza kuishuku sarafu. Thamani ya p ndiyo hiyo: inakwambia matokeo uliyoyaona, au yaliyozidi hayo, yangekuwa nadra kiasi gani kama dhana yako ya kwanza ingekuwa kweli. Haikwambii kwamba dhana yenyewe ina uwezekano gani wa kuwa kweli. Wanafunzi wengi wanapoteza alama kwa kuandika hilo la pili. Andikeni la kwanza.

Jambo la tatu, kabla ya kugusa kompyuta, andika kwa maneno: nani wamehesabiwa, wamehesabiwa vipi, na namba imegawanywa kwa nini. Programu ya kompyuta itakupa jibu hata kama umeiuliza swali la kipuuzi. Haina aibu, mwenye jina juu ya karatasi ni wewe.

Uhasibu

Hapa wazazi ndio walimu, ingawa wengi hawajui kwamba ni walimu. Tufanye duka la mfano. Mama ana mtaji wa yuani 50,000, zote taslimu. Ananunua viatu kwa yuani 30,000, analipa. Anamlipa msafirishaji yuani 4,000 kuvifikisha Dar es Salaam. Anauza nusu ya viatu kwa mkopo, kwa thamani ya yuani 25,000, na mteja hajalipa bado. Ushuru na gharama nyingine tuziweke kando kwa leo. Je, mama amepata faida au hasara?

Ukimuuliza mama mwenyewe atatazama mkoba na kusema, nina yuani 16,000 tu, nilianza na 50,000. Mwanafunzi mvivu naye ataandika zile 4,000 za usafiri kama matumizi ya mwezi huu. Wote wawili wanahitaji mhasibu.

Usafiri wa kufikisha bidhaa mahali pa kuuzia ni sehemu ya gharama ya bidhaa. Kwa hiyo viatu vimegharimu yuani 34,000, si 30,000. Nusu iliyouzwa imegharimu 17,000. Mauzo ni 25,000. Faida ni 8,000. Sasa tupange mizania. Upande wa mali: taslimu 16,000, bidhaa zilizobaki 17,000, deni la mteja 25,000. Jumla 58,000. Upande wa pili: mtaji 50,000 na faida 8,000. Jumla 58,000. Pande mbili zimelingana.

Kwa hiyo mama ana faida, lakini hana fedha. Hayo ni mambo mawili tofauti, na biashara nyingi zimefungwa na watu waliodhani ni jambo moja. Kila tukio linaandikwa mara mbili, debiti na krediti, kwa sababu hakuna kitu kinachoingia bila kingine kutoka au deni kuzaliwa. Utaratibu huu ulichapishwa Venice mwaka 1494 na mtawa Luca Pacioli, naye aliueleza kama desturi iliyokuwa tayari ikitumiwa na wafanyabiashara. Ulitoka sokoni ukaenda chuoni. Ndiyo maana tunasema mwanafunzi wa uhasibu mwenye mzazi mfanyabiashara ana maktaba nyumbani.

Tahadhari moja kwa wanaosoma huku wakitarajia kufanya kazi nyumbani. Someni swali linataka kanuni za nani. Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya kuripoti fedha, chini ya usimamizi wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. China ina viwango vyake. Vinafanana sana, lakini si pacha. Kwa mfano, mashine ikishuka thamani ikapunguzwa vitabuni, halafu hali ikarudi kuwa nzuri, viwango vya kimataifa vinaruhusu kuirudisha juu kwa masharti. Vya China haviruhusu. Hata mwaka wa hesabu unatofautiana: hapa ni Januari hadi Desemba, wakati Serikali yetu nyumbani inafunga vitabu tarehe 30 Juni. Mwanafunzi anayejua kanuni za pande zote mbili ana kazi inayomsubiri, kwa sababu mizigo inayotoka mji huu kwenda Kariakoo inahitaji mtu wa kusoma vitabu vya pande zote mbili.

Mipango ya afya

Somo hili ndilo linaloonekana jepesi, kwa sababu lina maneno mengi. Kijana anaandika kurasa 10 kuhusu umuhimu wa afya bora, anapata alama hafifu, anashangaa. Mpango si insha. Mpango unajibu maswali matano: tatizo ni lipi, linawagusa watu wangapi, tufanye nini kwanza, itagharimu kiasi gani, na tutajuaje kwamba tumefanikiwa.

Tulilete nyumbani. Tuseme zahanati moja ya kijiji inahudumia watu 6,000. Tuseme kwa kila watu 1,000 wanazaliwa watoto 35 kwa mwaka. Hapo tunatarajia watoto 210. Kila mtoto anahitaji dozi tatu za chanjo ya penta, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Dozi 630. Lakini dozi nyingine huharibika, kichupa kikivunjika au baridi ikikatika. Tuseme asilimia 10 hupotea. Tuagize dozi ngapi?

Wengi wanaongeza asilimia 10 juu ya 630, wanapata 693. Sasa jaribuni. Mkiagiza 693, asilimia 10 yake ikaharibika, mnabaki na dozi 623 na ushei. Watoto wawili au watatu watapungukiwa. Njia sahihi ni kugawa 630 kwa 0.9. Jibu ni dozi 700. Ukiondoa asilimia 10 ya 700, zinabaki 630 kamili.

Tofauti ya 693 na 700 kwenye karatasi ni alama moja au mbili. Zahanatini ni mama aliyetembea kutoka kitongoji cha mbali akiwa na mtoto mgongoni, akaambiwa arudi wiki ijayo. Na tazameni: ili kupata 210 umetumia takwimu, ili kupata bei ya dozi 700 na jokofu lake utatumia uhasibu. Masomo haya matatu yamewekwa katika vyumba tofauti vya darasa, lakini kazini yanakaa meza moja.

Na data ipo. Nyumbani kila zahanati ina vitabu vya MTUHA, ambamo muuguzi anaandika kila mgonjwa na kila mama mjamzito. Halmashauri hutumia taarifa hizo kupanga mipango yake ya afya. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Ni habari njema. Mwanafunzi mzuri anafurahi, kisha anauliza: makadirio haya yalipatikanaje? Yalipatikana kwa kuwauliza wanawake katika kaya zilizochaguliwa habari za dada zao, kwa hiyo kila namba ina nafasi ya kuwa juu au chini. Kuuliza hivyo si kulidharau taifa. Ni kulitumikia.

Kama mwalimu wa hapa anaruhusu kuchagua nchi, chagueni nyumbani. Na uhusiano wa kuandikia upo: madaktari wa China wako Zanzibar tangu 1964, wakitumwa kwa zamu na jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara tangu 1968, wakitoka Shandong. Mfumo wa hapa na wa kwetu unatofautiana pia. Hapa mgonjwa anaweza kwenda moja kwa moja hospitali kubwa akachukua namba. Kwetu utaratibu ni kuanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, mpaka Muhimbili. Linganisheni. Mtakuwa mmeandika kitu ambacho mwenzenu wa dawati la pili hawezi kukiandika.

Kazi ya kununuliwa

Sasa tuseme lile ambalo wazazi wengine hawalijui. Kwenye simu za vijana wetu zinafika ofa za watu wanaofanya asaimenti kwa malipo. Takwimu bei hii, uhasibu bei hii. Siku hizi na mashine nazo zinaandika. Baadhi ya vijana wetu wamejaribu. Hatutataja mtu.

Tuwaambie ukweli wa kisheria kwanza. Sheria mpya ya shahada ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inaruhusu chuo kumnyang'anya mtu shahada yake ikithibitika kwamba tasnifu iliandikwa na mwingine, ilinakiliwa au ilighushiwa, hata kama alishahitimu. Nyumbani nako, cheti cha nje kinapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu kutambuliwa. Mhasibu atakutana na mitihani ya NBAA. Muuguzi na daktari watakutana na mabaraza yao. Aliyekufanyia asaimenti hatakuwepo katika chumba kile.

Lakini sheria si sababu kubwa. Sababu kubwa ni zile dozi 700. Siku moja utakaa peke yako mezani, mkuu wa zahanati anasubiri namba yako, na hakuna wa kumlipa akufanyie. Kama hukuwahi kukosea kwenye daftari na kurekebishwa, utakosea kwa watu.

Kuomba msaada si kudanganya. Mwambie mwenzako akuonyeshe njia, kisha funga daftari lake ufanye yako. Mashine ukiiuliza ikueleze maana ya neno, sawa. Ikikupa jibu zima ukaweka jina lako, hapo umenunua.

Kwa wazazi na wadogo

Wazazi wetu, tunawaomba mambo matatu. La kwanza, msiulize tu "umepata ngapi?" Ulizeni "leo umesoma nini, nieleze." Msione haya kwamba hamkusoma chuo. Kijana anayekueleza ndiye anayejifunza. La pili, wapeni daftari la duka walipange, walau mara moja kwa mwezi. La tatu, kijana akisema "nimefeli somo," msikilize kwanza kabla ya kumtajia ada. Somo lililofeliwa hurudiwa. Lililofichwa ndilo linalomfukuzisha mtu chuo.

Nanyi watoto mnaosoma shule hapa, mnaozungumza Kichina kutuzidi sote: mna kazi pia. Waulizeni babu na bibi kwa simu, kijijini kwenu kuna nyumba ngapi, zahanati iko umbali gani, kisima kiko wapi. Andikeni kwenye daftari kwa Kiswahili. Huo ndio mwanzo wa takwimu.

Kamati itaendelea kukutana na wanafunzi Jumamosi jioni, vitabu mezani na chai pembeni. Aliye mwaka wa tatu anamshika mkono wa mwaka wa kwanza. Wahasibu na wauguzi mliopo humu ndani mkija hata mara moja kwa mwezi, mtakuwa mmetusaidia sana. Njooni na asaimenti iliyowashinda, si iliyokwisha kulipiwa.

Mwaka 1961 wazee wetu walipewa nchi, wakaanza kuhesabu walichonacho. Kilikuwa kidogo, lakini walikihesabu wenyewe. Tunawaomba vijana wafanye hivyo hivyo.

 Uhuru na Kazi!